Pazia la Wavu Dirishani kwa Salma

Kila niingiapo nyumba nisiyoizoea, mwanangu, iwe Tanga, Lamu, au hata huko Kigoma nilikowahi kukaa msimu mmoja, jicho langu huanzia dirishani. Wenyeji hudhani natafuta upepo. Mimi huwa natazama pazia, na papo hapo hunirudia jioni moja ya Mkunazini, mtaani kwetu, miaka ile ya hamsini, ambapo nusura niivunje harusi ya dada yangu kwa nyundo na misumari minne.

Baba yetu alikuwa ameshafariki. Nyumbani tulikuwa watatu: mama, dada yangu Salma aliyenitangulia kuzaliwa, na mimi. Nilikuwa nimerudi kutoka Mombasa. Nilikaa huko miezi minane tu, lakini nilirudi na maneno ya mtu aliyeuzunguka ulimwengu. Niliona nyumba zenye mapazia ya wavu, meupe, yakipanda na kushuka kwa upepo kama kifua cha mtu aliyelala, nikaona hapo ndipo ilipo nyumba. Kumbe wahenga walishasema, nyumba njema si mlango. Wangekuwa na dirisha kama langu, wangelitaja na dirisha.

Salma akaposwa, posa ikakubaliwa. Bwana harusi alikuwa kijana mpole wa mtaa wa Malindi, hapo hapo mjini kwetu, lakini harusi yenyewe ilikuwa mkononi mwa ami yake, Bwana Seif. Huyu alikuwa mkali wa heshima. Ilijulikana mjini kwamba alishawahi kuvunja posa ya mwanawe mwenyewe kwa sababu binti alionekana mlangoni kichwa wazi. Na Bwana Seif huyo huyo, kila baada ya sala ya Magharibi, alikuja kunywa kahawa kwenye baraza ya jirani yetu wa ng'ambo ya njia, Mzee Khatibu mshona kofia. Nyumba yetu haikuwa na ghorofa. Chumba kikubwa kilikuwa kile cha mbele, na dirisha lake na baraza ya Mzee Khatibu vilitazamana uso kwa uso, na njia kati yavyo ni ya kupita punda mmoja.

Siku chache kabla ya harusi nilikwenda Darajani kwa muuza vitambaa wa Kihindi, mtu mzima, miwani imemshukia puani. Nikachagua wavu mweupe wenye maua madogo pindoni. Akaukunja taratibu, akaniambia:

"Hili la mchana, bwana. Usiku lina haja ya mwenziwe nyuma."

Nikacheka. Nilidhani ananitafutia kitambaa cha pili cha kununua.

Nyumbani nikalishusha pazia la zamani, zito, la rangi ya zambarau iliyochakaa, nikalitundika la wavu peke yake. Mama alisimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Na lile zito mbona umeliteremsha?"

"Mama, hayo mambo ya kizamani. Mombasa watu hawatundiki magunia madirishani."

"Haya, baba. Weye ndiye uliyekwenda Mombasa."

Ili nimridhishe, nikatoka njiani, saa sita ya mchana, jua limesimama utosini. Nikachungulia. Sikuona kitu ila weupe mtupu. Nikarudi ndani kifua mbele. Kijana akishajiridhisha mwenyewe, mwanangu, hana tena haja ya kuuliza.

Salma alikuwa ameshawekwa ndani, kama ada ilivyo, asionekane na mwanamume wa nje mpaka siku ya harusi. Jioni ya tatu tangu nilitundike pazia akaja Bi Mize, kungwi wake, na bakuli la singo, ule mchanganyiko wa manukato wa kumsugua bibi harusi mwilini. Bi Mize akalalamika kwamba kandili yetu haitoshi, yeye si popo. Jirani mmoja alikuwa ametuazima karabai kwa ajili ya harusi. Nikaitia pumzi mimi mwenyewe, ikanguruma, nikaitundika katikati ya chumba kile cha mbele alimokaa Salma, kikawa cheupe kama mchana. Nikatoka kwenda uani, nimefurahi.

Haukupita muda nikasikia, "Hodi! Hodi humu!"

Nikaenda mlangoni. Alikuwa Mzee Khatibu, kofia aliyokuwa akiishona bado imo mkononi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukusifia pazia lako. Zuri. Umelichagua weye?"

"Naam, mzee."

"Zuri sana. Unajua, mimi macho yangu yameshachoka. Hata sindano natungiwa na mke wangu. Lakini nimekaa pale barazani pangu, na saa ya ukutani kwenu nimeisoma. Saa moja na robo."

Nikatoka nikageuka kutazama. Ewe mwanangu! Wavu ulikuwa kama haupo. Chumba kizima kimesimama njiani. Niliuona mkono wa Bi Mize ukichota singo bakulini, nikaona hata pete yake. Sikuthubutu kutazama zaidi.

"Bwana Seif?" nikauliza.

"Yumo ndani kwangu, anakunywa kahawa. Nilimwona anakata kona, nikamuwahi kabla hajafika. Nshawaambia wageni wangu wote barazani pana siafu."

"Pana siafu, mzee?"

"Watakuwepo mpaka utakapolirudisha lile zito. Nenda. Wala usikimbie. Anayekimbia huulizwa kuna nini."

Nikaenda kwa hatua za mtu anayekwenda kunywa maji. Nikamwita mama, akaingia chumbani akamfunika Salma kanga, akaipunguza karabai, kisha tukalitundika lile pazia kuukuu nyuma ya wavu. Kwa haraka nikajipiga kidole kwa nyundo.

"Amesema nini Mzee Khatibu?" mama akauliza.

"Anasema hakuona kitu, mama, ila saa ya ukutani."

Mama akanitazama. "Saa ya ukutani?"

"Naam. Saa moja na robo."

"Saa yetu iko kwa fundi tangu Mfungo Mosi."

Tukageuka sote wawili. Ukutani palikuwa na msumari mtupu. Mama akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa juu ya kasha, machozi yanamtoka, na mimi nikacheka naye.

"Kesho," akasema, "mpelekee mkate wa kumimina. Mwambie saa yetu haikosi hata dakika moja."

Asubuhi nikampelekea, nikamwambia hivyo hivyo. Mzee Khatibu hakuinua macho kwenye kofia yake.

"Najua," akasema. "Ndiyo maana naiamini."

Harusi ilifanyika, na leo Salma ana wajukuu. Bwana Seif hakujua lolote hadi mauti yake. Ila nilimwona siku ya harusi akiikung'uta kanzu yake na kuichunguza baraza kabla ya kukaa.

Kwa hiyo, mwanangu, sikukatazi pazia la wavu. Litundike, chumba kipate hewa na jicho lipate uzuri. Lakini lipe mwenziwe nyuma, na usilipime saa sita ya mchana, wakati kila kitu kinakusitiri. Toka njiani taa zikishawashwa, usimame pale anapokaa jirani, utazame kwa macho yake. Mambo mengi niliyoyakosea katika safari zangu niliyapima mchana. Anayekwambia neno dukani au mlangoni kwako msikilize, maana asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mimi guu langu lilipona kwa hisani ya mtu.

Na ikitokea siku dirisha la mwenzio limesahauliwa wazi, usipige kelele, usiite watu. Waondoe walio nawe, upige hodi, na uwe umeona saa tu.

Mwenyezi Mungu akujaalie nyumba yenye upepo na sitara, na ng'ambo ya njia akuwekee jirani mwenye macho mabovu kama ya Mzee Khatibu. Amin.