Zamu Yangu ya Kuchemsha Maji

Nilikosa. Nalisema mapema ili msije mkafika katikati mkaanza kunitetea, maana kujitetea mwenyewe naweza sana, na huko kujitetea ndiko kulikoniponza. Jina langu liacheni. Wa Mtoni wa enzi zile wakisoma watanijua tu, na wengi wao wameshatangulia mbele ya haki.

Ulikuwa mwaka ule wa kipindupindu. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, fundi cherehani, nimepanga chumba kimoja katika nyumba ya vyumba sita, mashine yangu iko barazani. Nilikuwa na wateja na nilikuwa na mchumba. Zuhura alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu na mama yake mjane, na mama yule alinipenda. Akipita kwenda sokoni alikuwa akiniambia, "Fundi, usijichoshe." Nikajiona mkwe tayari.

Ugonjwa ulipoingia, mikusanyiko ikakatazwa. Harusi hakuna, ngoma hakuna, kilabu cha pombe kimefungwa, kahawa ya jioni na bao vimekwisha. Hata matanga jamani! Mtu anazikwa, watu wanatawanyika papo hapo, hakuna kulala kwa mfiwa. Watu tuliozoea kukesha tukageuka kulala na kuku. Saa mbili usiku mtaa mzima kimya.

Sasa mwili ukilala saa mbili, saa nane umeshiba usingizi. Na ukiwa macho saa nane kwenye nyumba ya vyumba sita yenye choo kimoja, kazi yako ni moja tu, kuhesabu nani katoka. Kila mlango ukilia, vyumba vitano vinasikiliza. Akienda mara moja, sawa. Akienda mara mbili, watu wanakaa kitandani. Akienda mara tatu, asubuhi gari la afya linaweza kuja kumchukua apelekwe kambi ya wagonjwa. Kwa hiyo wengine walibana mpaka jasho likawatoka. Mimi pia nilibana, sioni aibu kusema.

Usiku hatulali, basi mchana tukawa tunalalia popote. Mwenye duka alilala juu ya mizani yake. Kinyozi alisinzia akamwacha mteja na kichwa nusu, na mteja hakujua, kwa kuwa naye alikuwa amelala. Tulicheka sana mwaka ule, ingawa tulikuwa tunaogopa.

Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa mtu wa vitendo. Alisema mkaa ni shida, kuni ni shida, kwa nini nyumba kumi ziwashe mioto kumi kuchemsha maji ya kunywa? Tuchemshe kijamaa. Likawekwa pipa kubwa uani kwake juu ya mafiga, na kila siku nyumba moja inashika zamu. Asubuhi mnajaza maji ya kisimani, mnawasha moto, mchana yanachemka mbele ya macho yenu, mnafunika yapoe, jioni kila nyumba inakuja na ndoo yake. Maji yale yalinuka moshi, watoto wakayalalamikia. Lakini katika nyumba zetu kumi hakuugua mtu, na balozi alitembea kifua mbele.

Siku ya zamu ya nyumba yetu nikajitolea mimi. Wenzangu wanakwenda kazini, mimi nipo tu. Na nitasema kweli, nilitaka mama Zuhura anione. Nikateka maji, nikajaza pipa, nikapanga kuni vizuri chini yake. Kiberiti nikakitia mfukoni. Mashine nilikuwa nimeihamishia pale uani, wenyeji wametoka, kuna mkono mmoja wa shati la shule ulikuwa umebaki, nikasema niumalizie ndipo niwashe.

Nilikuja kushtuliwa na mlio wa ndoo. Shavu langu liko juu ya mashine, jua limeshageuka, na watoto wa jirani wamepanga foleni nje ya ua! Nikatazama chini ya pipa. Kuni zangu ziko vilevile nilivyozipanga.

Hapo ndipo nilipokosa, si kabla ya hapo. Kichwa changu kilifanya kazi upesi kuliko nilivyowahi kukiona kikifanya. Nikazivuta kuni zile nikazisukumia chini ya magunia matupu yaliyokuwa pembeni. Majivu ya jana yalikuwepo, nikayachokoachokoa. Kisha nikafunua kifuniko, nikatabasamu, nikasema, "Njooni, yameshapoa." Na nikawagawia, nyumba moja baada ya nyingine, kata kwa kata. Mama Zuhura alipokuja nikamjazia ndoo mpaka juu, nikainama nikamtwisha. Akanishukuru, akaniombea dua.

Usiku ule ndipo nilipoujua mwaka wa kipindupindu. Nililala chali nahesabu milango. Mzee wa chumba cha nne, fundi baiskeli, alitoka mara tatu. Mara ya tatu nikaanza kulia kimyakimya. Nilimwona amebebwa, nikaona na wale watoto wa foleni, mmoja mmoja.

Alfajiri nikamngojea mlangoni. "Shikamoo mzee. Tumbo vipi?"

"Marahaba. Tumbo langu linakuhusu nini?" Kisha akaniinamia sikioni akaniambia anatoka kwenda kuvuta sigara, na mkewe akijua itakuwa nimemwambia mie.

Nilitaka kumbusu. Zikapita siku mbili, tano, kumi. Hakuna aliyeharisha. Basi nikaanza kujisamehe, na kujisamehe nako ni kutamu! Nikasema Mungu ni mwema, nikasema labda maji ya kisima chetu ni mazuri kuliko wanavyodai. Balozi alinisifu mbele ya watu kama kijana wa mfano, nami nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Ugonjwa ulipopungua na harusi zikaruhusiwa, nikamtuma mshenga na barua ya posa. Siku ya pili mama Zuhura akaniita mwenyewe uani kwake. Barua yangu alikuwa nayo mkononi, imefungwa kama ilivyokwenda.

Akanikaribisha kiti. Akaniambia kwamba jioni ile ya zamu yangu alipofika kwake alinusa maji, akakuta hayana moshi. Akatua ndoo, akatoka, akapita nyumba zote, yetu nayo mimi nikiwa bado kwenye pipa, akisema balozi ameagiza maji ya leo yachemshwe mara ya pili kila mtu kwake; kwa balozi mwenyewe akasema ni agizo la watu wa afya. Kila nyumba ilichoma mkaa wake kwa uongo wa mwanamke yule. Jina langu hakulitaja kwa yeyote, hata kwa Zuhura.

Nikasema, "Mama, nisamehe. Nilipitiwa na usingizi."

"Usingizi nimeshakusamehe siku ileile," akasema. "Mwaka huu nani hakulala? Hata mie nimelala kwenye foleni ya sukari, nimesimama. Lakini nilipokuja kuchukua maji ulikuwa umelala?"

"Hapana, mama."

"Ulikuwa macho. Na ndoo ukanitwisha wewe mwenyewe." Akanipa barua yangu. "Mwanangu simtoi kwako."

Hakupaza sauti. Angenitukana ningepata la kujibu. Zuhura alilia, nami nililia, na mwaka uliofuata akaolewa na mwalimu huko Tandale. Nilishona shati la bwana harusi, kwa sababu nilikuwa fundi mzuri na mama yake hakuwa na kinyongo.

Leo nina mke mwema na wajukuu, na jina hilo la mama Zuhura halitajwi nyumbani kwangu. Nikilala mchana wajukuu hunicheka, kwa kuwa nikigutuka huuliza kwanza kama moto umewaka.

Ninyi mnaosoma, laleni. Binadamu hulala, na wakati wa hofu hulala ovyo. Ila ukiamka ukakuta umechelewa, sema umechelewa. Ngojea matusi yako, yatapita. Mimi jioni ile nilikuwa na la kusema, na watu wangenung'unika kidogo, wakarudi na ndoo zao baada ya isha. Kuni zilikuwepo. Kiberiti kilikuwa mfukoni mwangu.