Kadi ya Babu

Fundi wa kompyuta hagusi prosesa, ubongo wa mashine, kabla ya kushika chuma cha dirisha ili umeme wa mwilini umtoke. Kisha hupuliza vidole kama anayepoza chai. Leo babu mmoja anataka kadi ya picha ya kompyuta iliyo kubwa kuliko zote dukani, maana bila hiyo Jumapili mjukuu wake atamshinda tena mchezo wa mbio za magari.

"Mzee wangu, ukiiozesha kwa prosesa yako kongwe, itashinda mlangoni ikisubiri mwenzake avae viatu. Chukua hii ndogo, wataelewana. Ijaribu hapa."

Fundi anafunga duka, anaketi kushindana naye kwenye kompyuta ya dukani. "Babu, unakanyaga breki kila kona kama umebeba mayai! Achia!"

Babu anaachia. Nje wateja wanagonga mlango. Fundi, anayeshindwa sasa kwa mara ya tatu, hawasikii.