Posa ya Kocha wa Marekani

Klabu iliyonilea tangu utotoni iliniacha nilipotimiza miaka kumi na minane. Waliniita peke yangu kwenye chumba kidogo kando ya uwanja wa mazoezi, wakanishukuru, wakanipa mkono. Nilirudi mtaani kwetu Sparkhill kwa basi, viatu vya mpira vimo ndani ya mfuko wa plastiki. Nilipofika nyumbani sikuingia. Niliipita nyumba, nikazunguka mtaa mzima kwanza.

Kwa hiyo kocha wa chuo kimoja cha Marekani alipoona video zangu na kutaka kuzungumza na wazee wangu, nilijiona nimefufuka. Ningesoma bure na mpira ningecheza. Mlango mwingine sikuwa nao.

Mama alilielewa jambo hili kivyake. Mtu anamtaka mtoto wake, basi hiyo ni posa. Alimwita mjomba, naye akaja na kanzu na kofia yake ya kiua. Kahawa na halua zikapangwa mezani, udi ukafukizwa sebuleni mpaka king'ora cha moshi kikalia. Nilikipepea kwa taulo huku nikijiuliza kocha ataunusaje udi kupitia kompyuta.

Kocha alipotokea kwenye skrini, alikuwa mtu wa bashasha. Mjomba alimuuliza kwao wapi, wazee wake wahai, chuoni nani anapika, msikiti uko mbali gani. Mkalimani mimi, na aibu imenijaa tele. Alijibu yote kwa subira, kisha akasema nafasi imebaki moja tu na angependa jibu siku ile ile.

"Mwambie tumemsikia," mama alisema. "Tutakaa kwanza, halafu tutampa jawabu."

Nilipofasiri, uso wa kocha ulipoa. Akasema ameelewa, yupo kijana mwingine wa kumfikiria, akatutakia kila la heri. Akakata.

Nililipuka. "Mama, umeniharibia! Yule si mkwe, ni coach!"

"Posa haijibiwi siku hiyo hiyo," mjomba alisema. "Wataona tumekuchoka."

Mama alikuwa anafunika halua. "Wale wa klabu ya mwanzo niliwajibu palepale," alisema. "Nilifurahi, nikasaini, hata sikuuliza nani anakuchukua. Na siku waliyokurudisha nilikuwa dirishani. Nilikuona unaipita nyumba."

Hasira zote zilinitoka. Miezi ile yote alikuwa anajua, wala hakuwahi kuniuliza nilikuwa naelekea wapi.

Nilimpigia kocha tena, nikamweleza posa ni nini kwetu, na kwamba kuombwa kusubiri si kukataliwa. Alicheka kidogo, akasema ana mabinti, atangoja mpaka Jumatatu.

Jumatatu mama hakutaka mkalimani. Aliisogeza kompyuta karibu, akasema mwenyewe kwa Kiingereza chake cha dukani: mchukue, nimekupa. Ila siku ukiwa humtaki tena, usimwite chumbani ukamwambia peke yake. Nipigie mimi kwanza, nimsubiri mlangoni.

Kocha alivua kofia yake, akatafuta kalamu. Mama akamtajia namba ya simu yake taratibu, akairudia mara ya pili, kisha akamwambia amsomee aisikie.