Waridi Lisilo na Mwenyewe

Silipendi waridi. Naanza na hilo ili mtu asije akaniletea shada nikiugua. Wajukuu zangu wananishangaa: maulidi yakisomwa na marashi ya waridi yakinyunyizwa, mimi huvuta kofia usoni nikahamia karibu na mlango. Wanadhani ni uzee. Si uzee hata kidogo, ni hasira, na sababu yake nitaieleza hapa mara moja tu, kisha mtu asiniulize tena.

Enzi za Mwingereza nilikuwa na kazi ambayo hata kuitaja ilikuwa aibu: nilikausha majani. Mtu mzima, mwenye mke na watoto wawili, kutwa nalaza majani kati ya magazeti ya zamani, nayabana kwa mbao mbili na mikanda, nayasogeza karibu na jiko la mkaa yasiote ukungu. Mvua za Lushoto hazina adabu. Bwana wangu alikuwa Mwingereza mrefu, magoti mekundu, soksi zimelowa siku zote, aliyetumwa kuorodhesha mimea ya milima ya Usambara. Tulizunguka naye kuanzia Rangwi hadi misitu ya juu ya Mponde. Kila mmea aliupa namba, na kila namba ikaandikiwa lebo: umeonekana wapi, kimo gani cha mlima, ua rangi gani, ni wa mwituni au umepandwa, na mwisho kabisa jina la aliyeuokota. Anayeparamia miti ni mimi, anayewashwa na upupu ni mimi, jina linaloandikwa ni lake. Kijijini nikiwaamkia wazee shikamoo, wanaitika marahaba, halafu wananiuliza kama majani ya leo yameiva.

Sikatai, kazi yake aliijua. Ndiye aliyenionyesha kwamba yale matunda meusi ya miiba tuliyokuwa tukila porini tukichunga mbuzi ni ndugu wa waridi. Nikamwambia, ndugu gani hawa, mmoja analiwa na mwingine ananukia tu? Akacheka, akasema ukoo wa mimea hautazamwi kwa tumbo, unatazamwa kwa ua. Akasema tena kwamba waridi la mwituni lina petali tano basi, na haya mazito ya bustanini yamefanywa na watu kwa kuchanganya mbegu miaka na miaka. Uhabeshi lipo waridi la mwituni. Kutoka huko kuja huku kwetu kusini hakuna aliyepata kuliona hata moja. Hilo alilirudia mara nyingi mno, mpaka nikajua kwamba ndilo analolitafuta, na kwamba akilipata litabeba jina lake hadi siku ya kiyama.

Sasa lazima niseme habari ya matuta, maana bila hayo kisa hiki hakina kichwa wala miguu. Serikali iliamuru kila shamba la mteremkoni lichimbwe matuta, eti mvua isichukue udongo. Wanawake walivunjika viuno kwa kuchimba. Mahali pengine matuta yakajaa maji, mteremko ukaporomoka pamoja na mahindi yake, na bado asiyechimba anaitwa barazani kwa zumbe, mkuu wetu wa eneo, anatozwa faini. Basi sisi Washambaa tukajitafutia dawa. Bwana shamba akipita na kuuliza shamba hili la nani, jibu ni moja kwa mkubwa na mdogo: sijui, ni pori tu. Unaacha magugu yapande, mihogo inajificha humo ndani, na wewe unapita kando ya shamba lako mwenyewe kama mgeni aliyepotea njia. Jibu hilo lilitutoka hata kabla swali halijaisha. Na tulivyojiona wajanja, loo!

Mama yangu alikuwa mjane mwenye shamba moja la maana, juu kabisa, linapakana na msitu. Mashamba mengine baba zangu wadogo walishayagawana baba alipofariki. Lile la juu hawakuligusa kwa sababu mama alilifyeka kwa mikono yake mwenyewe, na ndilo lililomlisha bila kumpigia mtu magoti. Ukingoni, upande wa msitu, alikuwa amepanda waridi. Msicheke. Usichanani mwake alipalilia bustani ya Mjerumani mmoja, na Wajerumani walipofukuzwa baada ya vita ya kwanza, aling'oa mche mmoja pale getini akaupanda shambani uwe boma la miiba dhidi ya nguruwe. Mwanzoni ulitoa maua makubwa mekundu. Baada ya miaka miwili mitatu yale mekundu yakafa, shina la chini likachipua matawi marefu yenye vishada vya maua madogo meupe. Mama akasema Mjerumani amempunja hata kwa ua. Lakini miiba ilikuwa mikali na nguruwe hawakupita, kwa hiyo akauacha.

Mwaka huo wa matuta mama alikuwa amelipumzisha shamba, magugu yamefika kiunoni. Sisi tulikuwa tunashuka kutoka msituni, watu watatu: Mwingereza, mimi, na tarishi wa zumbe aliyepewa kazi ya kutuongoza. Huyo tarishi simsamehi. Lolote alilolisikia lilifika barazani kabla hajavua viatu. Tukakunja kona, na Mwingereza akasimama ghafla, akatupa fimbo, akapiga magoti kwenye tope. Ulikuwa msimu wa maua, na waridi la mama lilikuwa limepanda juu ya miti ya ukingoni, jeupe tupu. Akahesabu petali: tano. Akahesabu ua jingine: tano. Akashika vijani vidogo vilivyo chini ya kila kikonyo, vyenye nyuzinyuzi kama kope, akavisogeza hadi puani kuvitazama. Mzungu mzima analipigia magoti boma la nguruwe! Nikataka kucheka.

Akanigeukia. "Kuna mtu aliyeupanda huu?"

Nikautazama mteremko wa mama, hauna tuta hata moja. Nikamtazama tarishi, naye alikuwa ananitazama mimi.

"Hakuna, bwana," nikasema. "Ni pori tu."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Nimezaliwa hapa."

Hilo la kuzaliwa hapa niliongeza mwenyewe. Hakuna aliyenilazimisha.

Akaandika kwenye lebo: wa mwituni, ukingo wa msitu, hakuna dalili ya kilimo. Nilipomsimulia mama alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga. "Umewapiga chenga, mwanangu," akasema, akanipakulia ugali wa bada na mboga, akaniongezea tena. Nikala nimevimba kichwa. Faini tumeiepuka, shamba limepona, na Mzungu kaondoka na mzigo wa miiba akidhani amepata lulu.

Ikapita miezi. Bwana miti, yaani Mwingereza mwingine wa idara ya misitu, akaitisha mkutano kwenye baraza la zumbe. Karani wake, mtu wa kutoka Tanga, shati jeupe limepigwa pasi, akatusomea karatasi. Msitu wa serikali utapimwa upya. Ukingo wote wa juu ni msitu wa asili, haujapata kulimwa na mtu, na ushahidi ni kwamba mtaalamu wa mimea ameona hapo waridi la mwituni lisilojulikana penginepo. Kwa hiyo vigingi vya mpaka vitashushwa hadi kijitoni. Kati ya msitu na kijito hakuna kitu kingine ila shamba la mama yangu.

Wanawake hawakuwa na desturi ya kusimama barazani. Mama akasimama. "Waridi hilo ni langu," akasema. "Nililipanda kwa mkono huu kabla wewe karani hujazaliwa. Na shamba ni langu."

Karani akacheka. "Bibi, unabishana na mtaalamu? Na aliyemhakikishia kwamba halina mwenyewe ni mwanao wa kumzaa." Tarishi akatikisa kichwa kukubali, mwanaharamu yule.

Nikasimama. Nikasema mbele ya watu wote: nilidanganya, shamba ni la mama, waridi ni la mama. Karani akamtafsiria bwana miti, bwana miti akajibu bila kuniangalia, karani akanigeukia: "Anauliza, ulidanganya siku ile au unadanganya leo?"

Watu wakacheka. Majirani zetu hao, ambao kila wiki walikuwa wakimwambia bwana shamba ni pori tu! Kisha zumbe akainua mkono, akauliza kwa upole kabisa, kama ni shamba, matuta yako wapi? Na nani mwingine hapa atasimama aseme analijua shamba hilo? Kila mtu akatazama vidole vya miguu yake. Wangesema wanalijua la mama, kesho wangeulizwa kuhusu yao. Wiki iliyofuata vigingi vikashuka hadi kijitoni.

Nikaenda kwa bwana wangu Lushoto. Nilimkuta mezani, barua mbele yake, macho mekundu. Sikungoja aniulize shida yangu. Nikamwambia yote: matuta, tarishi, uongo wangu, shamba, hata yale maua mekundu ya Mjerumani yaliyokufa. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akaigonga ile barua kwa kidole. Wakubwa wake wa Ulaya wamemjibu. Waridi lake si jipya. Ni la mwituni kweli, lakini mwitu wa China na Japani, na wakulima wa maua wa Ulaya hulitumia kama shina la kubebea mawaridi ya bustanini. Lile jekundu lilikuwa limeunganishwa juu yake, likafa, shina likachipua. Kila mtunza bustani Uingereza analijua. Wakubwa wamemcheka.

"Umenifanya kichekesho," akaniambia.

"Wewe umepata kicheko, bwana, mama yangu amepata njaa," nikamwambia. Sijui nilipata wapi ujasiri huo. "Sasa unajua lilipandwa. Mwambie bwana miti."

Akachukua lebo, akalikata neno mwituni kwa mstari wa wino mwekundu, akaandika juu yake: limepandwa, si la nchi hii. Mstari ulionyooka, ametumia rula. Akasema, "Mimi ni mtu wa mimea. Mambo ya ardhi si kazi yangu. Lakini nitamwandikia kuhusu mmea huu."

Nikateremka mbio kwa furaha. Nikampigia mama magoti, nikamwambia bwana ataandika, lebo imesahihishwa, nimeiona kwa macho yangu. Mama hakucheka safari hii. Akaniuliza tu kama imeandikwa nani kapanda. Nikasema hapana, imeandikwa limepandwa. Akaitika "haya", akaendelea kupepeta mahindi ya kuomba kwa baba zangu wadogo.

Na kweli aliandika, sitamsingizia. Barua yake ilimfika bwana miti. Ilisema kuna mmea wa kigeni ndani ya msitu wa asili, unapanda juu ya miti, na usipong'olewa utaenea. Basi. Habari ya mtu aliyeupanda haikuwamo.

Walinzi wa msitu walikuja wawili, na majembe na mapanga. Mama akanituma nimwite mke wangu, kisha akabadili nia, akasema twende wawili tu. Tukasimama chini ya kigingi, upande wetu. Mizizi ilikuwa minene, walichimba asubuhi nzima, miiba ikawararua mikono, na mimi kila wakitukana miiba nilifurahi. Kitu cha mwisho kilichoonyesha kwamba mtu aliwahi kukaa pale na kulima kilikuwa kinatoka ardhini, nami nilikuwa ndiye niliyekitafutia njia.

Mmoja wa wale walinzi alikuwa kijana wa upande wa Rangwi, mwenye adabu zake. Alipomaliza akaja kwenye kigingi, tawi mkononi, akavua kofia. "Shikamoo bibi. Wanasema barazani kwamba huu mti ulikuwa wako. Kama ni wako, chukua tawi hili ukapande nyumbani. Sitamwambia mtu."

Mama hakumtazama yeye. Alinitazama mimi, kwa muda mrefu, mpaka nikainamisha uso.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Si wangu. Hakuna aliyeupanda. Ni pori tu."