Niliulizwa Kama Mbao Ziko Sawa

Admin, ficha jina langu na la shule, mengine yaache kama nilivyoyaandika. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mwanamke wa miaka 29, sijaolewa, mzaliwa wa Mugumu. Baba yangu ni fundi seremala, nimekulia kwenye maranda ya mbao. Nimepangiwa kazi Tarime, kata ya Nyanungu, huu ni mwaka wa tano. Najua wengine mtanitukana kabla hamjafika mwisho. Tukaneni, ila mkimaliza mnijibu.

Nilipofika huku sikuwa na ndugu wala lugha. Watu wakicheka kwa Kikurya na mimi nacheka, sijui tunacheka nini. Mama mmoja mjane, nimwite Mama Rhobi, akanipa chumba kwake. Yeye ni mtu wa kanisani, mimi Mwislamu, lakini kila Ramadhani alinipikia uji wa wimbi wa kufuturia, na nisipomaliza ananuna kabisa. Sijawahi kupendwa hivyo na mtu ambaye si ndugu yangu.

Serikali ikaleta fedha za nyumba ya walimu, ya familia mbili chini ya paa moja. Miradi hii inasimamiwa na kamati za wananchi. Mama Rhobi akachaguliwa kuwa mtunza stoo kwa sababu haibi, hata wasiompenda wanakubali. Kusoma hajui. Mimi nikawa katibu wa kamati ya mapokezi, ile inayokagua vifaa kabla ya kusaini kwamba vimefika vikiwa sawa.

Siku ilipokuja lori la mbao za paa, sote tulitoka kuzipokea. Makadirio yalitaka mbao zilizotiwa dawa ya mchwa, na hizi zilikuwa na ule ukijani wa dawa, kwa hiyo wenzangu wakaridhika. Mimi nikakwangua moja kwa ufunguo. Dawa huingia ndani ya mbao, rangi hubaki juu. Hii ilikuwa rangi, na chini yake mbao nyeupe tupu.

Dereva, nadhani ni wa upande wa Sirari, akaniona. Akasema, "Madam, usitucheleweshe bana, weka sign twende."

Mama Rhobi akanisogelea na ile karatasi mkononi. "Mwalimu mwanangu, wewe ni mtoto wa seremala. Hizi ziko sawa?"

Nikamwambia ziko sawa. Akaweka dole gumba, na mimi nikasaini chini yake.

Sikuhongwa, naapa. Niliitaka nyumba. Mvua zilikuwa karibu, na nilijua lori likirudishwa tutakaa mwaka mwingine bila paa. Nilikuwa nimechoka kuoga kwenye bafu la mabua lisilo na mlango. Nikajisemea mchwa wenyewe watachukua miaka, mimi nitakuwa nimeshahama.

Nyumba ikaisha, nikahamia upande mmoja, lakini mchwa hawakusubiri. Mwaka huu wamekuja wakaguzi wa serikali, wakapanda darini na fundi, wakashuka na vumbi la mbao mikononi. Wakatuita mmoja mmoja. Mimi nikawaeleza yote kuhusu rangi, mpaka yule mkaguzi akaacha kuandika akawa ananitazama tu. Nikajiona shujaa. Kisha akaniuliza siku ya mapokezi nilikuwa wapi. Nikasema nilikuwa darasani, nilisaini jioni kwa kuwaamini wenzangu, rangi nikaja kuigundua baadaye. Uongo huo ulinitoka bila hata kukohoa.

Tangu hapo nyumba nyingine ya walimu iliyokuwa kwenye msingi imesimamishwa mpaka majibu yapatikane, na kijiji kizima kinajua aliyesema ni mimi. Nikifika kisimani wanawake wananyamaza, nikiondoka nasikia maongezi yanarudi. Ofisini chai inanywewa kabla sijaitwa. Mwalimu aliyepewa upande wa pili wa nyumba alihamisha godoro lake mchana, watu wakiona. Nakaa peke yangu kwenye nyumba ya familia mbili. Nikizima redio nawasikia mchwa, au nadhani nawasikia. Mzabuni aliyeleta zile mbao sijasikia hata ameitwa.

Jumapili iliyopita, baada ya ibada, Mama Rhobi alikuja. Sikumtegemea. Alikuwa na kibuyu cha maziwa na barua ya kuitwa Bomani kujieleza, akaniomba nimsomee kwa sababu hana mwingine wa kumsomea. Nikasoma kwa sauti. Ilisema kwamba yeye, akiwa mtunza stoo, alipokea mbao bila kujiridhisha.

Akanisimamisha hapo. "Kujiridhisha ndiyo nini?"

Nikamwambia ni kuuliza mtu anayejua, mpaka moyo wako utulie.

Kisha akasema, "Lakini mimi niliuliza, mwalimu. Si nilikuuliza wewe?"

Hakusema kwa hasira. Alikuwa anauliza kweli, kama mtu anayedhani labda amesahau. Nikaangalia karatasi nikajifanya natafuta nilipoishia. Nikamsomea mpaka mwisho, akaikunja, akaniachia maziwa. Sijaweza kuyanywa, na kuyamwaga nimeshindwa.

Kumbe miezi yote hii amehojiwa na hajanitaja hata mara moja. Nikisema ukweli wangu naweza kufukuzwa kazi, na baba yangu ni mzee, anategemea mshahara huu. Nikinyamaza, atakayebeba haya ni mama aliyenipokea nikiwa sina mtu, na kosa lake ni kuniamini.

Anakwenda Alhamisi. Jumapili ile kabla hajaondoka kwangu aliniomba nimsindikize, kwa sababu hawezi kusoma yaliyoandikwa kwenye milango ya ofisi. Nimekubali kumpeleka. Nishaurini ndugu zangu, nikishamfikisha kwenye huo mlango nifanye nini?