Kilio cha Papa Danylo

Ninyi mliokulia huku ugenini, mtaani Koekelberg, enzi zetu, kabla kila mtu hajajifungia muziki wake masikioni, mnakumbuka jinsi nyumba zilivyokuwa zikiongea! Kwetu kulinukia sombe, yaani kisamvu, na mawese. Juu yetu aliishi Papa Danylo, mtunzi wa muziki kutoka Ukraine, na piano yake. Sisi watoto tulicheza kwenye ngazi kwa kumfuata: akipiga haraka tunakimbia, akinyamaza tunaganda. Raha iliyoje!

Kisha msimu mmoja wa baridi akaanza kupiga wimbo mmoja tu, wa huzuni, kila jioni, na kila jioni ukikatika palepale. Maman, mama yangu, akaweka mwiko chini.

"Ule papa iko na kilio," akasema. "Bon, muntu haliye yeye peke. Muite bamama ya Chaussée de Wavre!"

Wakaja akina mama wa kwetu kutoka mtaa huo na vitenge vyao, wakapanda ngazi na masufuria ya bukari, ugali wetu, wakaketi sebuleni kwake bila kungoja kukaribishwa, wakaanza nyimbo za matanga. Maskini Papa Danylo! Alisimama na soksi tu miguuni, akieleza kwa Kifaransa kwamba alikuwa anatunga tu. Anamtungia mama yake, aliyefia Ukraine yeye akiwa huku, na mwisho wa wimbo umemshinda.

"Ulimuzika?" Maman akauliza.

"Hapana."

"Alors, kilio haiyaisha. Kula kwanza."

Akala huku machozi yakimtoka. Wakaimba tena, akasogea kwenye piano, akawafuata, na pale wimbo ulipokuwa ukikatika, ukaendelea! Sisi watoto tulishangilia kama tumefunga goli.

Jumapili iliyopita wimbo huo uliimbwa na kwaya nzima kanisani Auderghem, upande wa pili wa mji! Papa Danylo hayupo tena, na kati ya akina mama wale amebaki Maman tu. Nilikuwa nimemwonya kwamba huku watu husikiliza kimya. Wimbo ulipofika mwisho, pale akina mama walipouendeleza, Maman akasimama na kitenge chake akaimba. Binti yangu, ambaye vipokea sauti vya masikioni huvivua akienda kuoga tu, alinishika mkono asiniachie.

Njiani akaniuliza jirani yetu wa juu anaitwa nani. Nimeishi chini yake miaka na miaka, na jina lake silijui. Hapigi kitu, haimbi, hasikiki. Akifiwa leo, nitajuaje?