Kabati la Chuma la Ofisi ya Karafuu

Sifa njema ni zake Mola, aliyeumba kila kitu kwa kipimo na asimdhulumu hata sisimizi. Namshukuru kwa umri mrefu alionipa, ingawa haya ninayoyaandika hayanipi fahari.

Katika miaka ya hamsini nilikuwa karani kwa tajiri mmoja wa karafuu, Mji Mkongwe. Tulikuwa makarani wawili tu. Mwenzangu alikuwa mzee wa Kikwajuni, aliyeingia pale kabla mimi sijazaliwa. Karatasi za ofisi alizifunga kwa kamba, akazitundika kwenye boriti zisiliwe na mchwa. Ukimwuliza hati ya mzigo wa miaka mitatu nyuma, huinua mkono bila ya kutazama, akaiteremsha.

Bei ya karafuu ikashuka, na tajiri akataka gharama zipungue. Nikamwambia ofisi ikipangwa vizuri kazi itakwenda upesi. Akanunua kabati la chuma. Kwa wiki mbili niliyateremsha mafungu yote nikayatia katika majalada, kila jalada na kibandiko chake. Vibandiko niliviandika kwa herufi za Kizungu.

Yule mzee alikuwa msomaji maisha yake yote, lakini kwa herufi za Kiarabu. Nami nilizijua; nilifundishwa chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, kabla ya kuingia skuli. Kuandika kwa herufi zote mbili kungenichukua asubuhi moja. Nikaona zile za Kiarabu zitaliharibia kabati uzuri wake.

Siku ya kwanza tajiri aliagiza hati. Mzee akafungua droo, akafunga, akafungua nyingine.

"Mzee, unatafuta karatasi au unatafuta panya?" tajiri akamwuliza.

"Natafuta ofisi yangu, bwana."

Tukacheka sote. Nikaitoa hati mara moja. Tajiri akanigeukia mimi.

"Kazi hii utaiweza peke yako?"

Mzee alikuwa bado kashika droo. Nilijua ninaulizwa nini.

"Naam, bwana. Nitaiweza."

Mwezi ulipokwisha, mzee aliambiwa asirudi.

Ijumaa moja, baada ya sala, nilikwenda Kikwajuni kumtaka radhi. Alinipokea barazani, akaitikia shikamoo yangu, asiniache niseme mengi.

"Nshakusamehe, mwanangu. Kila mtu na riziki yake." Kisha akamwita mkewe atuletee kahawa.

"Mwambie mgeni wako kahawa hatuna," Bibi akajibu kutoka ndani. "Akitaka, akaitafute kabatini mwake. Si ndiye ajuaye kila kitu kilipo?"

Mzee akainamisha kichwa. Harufu ya buni zinazokaangwa ilikuwa imejaa mpaka barazani. Nikaaga.

Mzee alifariki masika yaliyofuata. Radhi yake niliipata. Mkewe nilimwendea mara tatu, na mara zote tatu mlango haukufunguliwa, mpaka naye akatangulia mbele ya haki.

Mola awarehemu wote wawili. Nawe unayesoma, akubariki katika nyumba na kazi yako, na akujaalie kuomba radhi mapema, wakati mlango ungali wazi. Amin.